Simiyu: Ziara ya muziki ianzie uwanjani

Ziara za alama za muziki, yaani matembezi ambayo mashabiki huongozwa hadi kwenye nyumba, kumbi na mitaa iliyohusika na nyimbo wanazozipenda, zimekuwa sehemu ya kawaida ya utalii katika miji mingi, na Tanzania yenyewe ina mfano wake Zanzibar. Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akasoma India, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Sifa yake aliipatia mbali na kisiwa hicho, lakini wageni hufika Shangani kwa kuwa tangu mwaka 2019 kuna makumbusho yanayosimulia utoto wake. Huko Liverpool, klabu ya Cavern walimopiga The Beatles ilifungwa mwaka 1973 na mahali pake kufukiwa, kisha ikajengwa upya mwaka 1984 kwa baadhi ya matofali yake ya zamani, na mashabiki wanaendelea kuteremka ngazi zake.

Ikiwa masimulizi mazuri yanaweza kumvuta mgeni hadi kwenye ukumbi uliokwisha kuvunjwa, Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, una sababu kubwa zaidi ya kumkaribisha, kwa maana muziki wake ungali hai, ingawa alama zake ni viwanja na mashamba.

Wasukuma wa mkoa huo huita ngoma *mbina*, neno linalobeba wimbo, uchezaji na mashindano kwa pamoja, na kiongozi wa kundi, ambaye hutunga nyimbo na kuwapanga wachezaji, huitwa *ningi*. Makundi hayo yako chini ya vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu, vinavyojinasibisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao husimuliwa kuwa walishindana ili ijulikane dawa za nani zina nguvu zaidi ya kuvuta watu. Kanuni ya mashindano imebaki ileile: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Ningi wa upande mmoja akirusha kijembe kipya, au mchezaji wake akiinua nyoka juu ya kichwa, duara la upande wa pili huanza kulegea, watoto wakitangulia kukimbia na watu wazima wakifuata, hata kundi lililoachwa likabaki likiwachezea wapiga ngoma wake lenyewe.

Ratiba ya ngoma hizo hufuata pamba, zao ambalo Simiyu huongoza kulizalisha nchini. Mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, wimbo huwa shambani, ambako *bugobogobo*, yaani ngoma ya jembe, huwafanya wakulima wainue na kushusha majembe kwa pigo moja. Katikati ya mwaka, pamba ikishauzwa na fedha kuingia mfukoni, wimbo huhamia uwanjani.

Kwa hiyo ziara ya Simiyu ingepangwa kwa msimu. Anayetoka Mwanza mwezi Juni angeanzia Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, ambako zimehifadhiwa ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi, na ambako sikukuu ya Bulabo huwakutanisha Wagika na Wagalu. Angepita Magu hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ambapo wageni wengi hukutana na wanyama bila kukutana na wenyeji, kisha akachepuka kwenda Bariadi, mji wa Tamasha la Simiyu Jambo lenye mbio za baiskeli na ngoma za asili. Huko angeonyeshwa pia vibanda vya kurusha nyimbo, ambako kijana mwenye kompyuta humjazia mteja nyimbo za Kisukuma kwenye kadi ya simu, kwa sababu mbina ya leo husafiri kwa njia hiyo kufika vijiji ambavyo ningi mwenyewe hajavikanyaga.

Ziara hiyo itakuwa ya haki endapo makundi yatalipwa kwa makubaliano badala ya kutegemea kutunzwa, na endapo mwongozaji atakuwa mtu aliyewahi kuimba. Mwezi Januari uwanja wa mbina huwa majani matupu, na hakuna bango linaloweza kumweleza mgeni kilichotokea pale. Mzee anayeweza kuonyesha kwa fimbo mahali waliposimama Wagalu, na kuutaja wimbo uliowahamisha watu, ndiye alama ya kwanza ya ziara hiyo, na anastahili kutafutwa, kusikilizwa na kulipwa sasa, angali anakumbuka.