Mtutu Mpya Mezani Jikoni

Miaka kumi na moja nilikuwa fundi baiskeli Tanga, nikadhani hakuna chuma cha kunishangaza tena. Sasa naishi Ohio, na Jumamosi moja jirani yangu mzee akalaza Ruger 10/22 yake juu ya meza ya jikoni. Alikuwa amenunua mtutu mwingine, mnene, na kitako chenye mfereji mpana wa kuulaza. "Fundi," akasema, maana neno hilo nimemfundisha, "tuufunge." Kwetu bunduki si kitu cha kufungulia jikoni. Nilitupia jicho mlangoni.

Kwanza alichomoa magazini, akavuta bolti nyuma, akaniambia nipapase chemba kwa kidole. Tupu. Akapapasa na yeye.

Bunduki hii, inayouzwa tangu 1964, haishiki mtutu kwa hesi. Shina la mtutu linachomekwa kwenye tundu la bodi ya aluminiamu, kisha kipande cha chuma kinang'ata mfuo ulio chini yake, na skrubu mbili zikikazwa kinauvuta nyuma. Nikacheka. Shingo ya usukani wa baiskeli nayo huchomekwa tu, ikabanwa. Kwa alenki moja tulimaliza kabla chai haijapoa.

Kwenye uwanja wa shabaha, risasi tatu kati ya kumi hazikulia. Mzee akalaumu risasi. Mimi nikaokota zile tatu nikatazama alama ya pini: mikwaruzo tu. Risasi hizi ndogo za .22 hazina fataki katikati ya kitako cha ganda. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini huuponda ukingo huo dhidi ya mdomo wa mtutu. Ukingo wenyewe una unene wa milimita moja hivi. Mtutu usipoingia hadi mwisho, hata kwa unene wa karatasi, nguvu ya pini inaishia kusukuma ganda mbele. Tukafungua. Kwenye bega la shina palikuwa na uchafu mweusi wa grisi ya zamani. Tukafuta, tukachomeka upya, tukakaza skrubu kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Kumi zikalia zote.

Lakini zilipiga chini. Mzee alizungusha kirekebishi cha darubini mpaka kikagota. Nikapitisha karatasi kati ya mtutu na kitako. Ikateleza bila kukwama, kwa hiyo kitako hakina kosa. Kile kipande cha chuma kinavuta nyuma, ila kinavuta na chini pia, na mtutu mzito huinama. Nikakata ukanda wa kopo la soda, nikautandika chini ya shina, kwenye mdomo wa tundu. Tanga tulitumia kopo la maziwa kwa nguzo ya kiti iliyolegea. Mtutu ukainuka.

Magazini ya tatu, maganda yakaanza kung'ang'ania. Mzee tayari ameshika msasa! Nikampokonya. Chemba za mitutu ya shabaha hutengenezwa zikiwa za kubana, na risasi za .22 hupakwa nta inayoganda humo. Brashi na mafuta vilitosha. Ukisugua chemba kwa msasa hutairudishia chuma chake. Kama brashi haisaidii, mpelekee fundi wa bunduki mwenye vipimo.

Jioni mzee akanionyesha baiskeli ya mkewe stoo. Usukani umelegea.