Chokoleti ya Idi Bila Rangi za Kiwandani: Inawezekana, Hata kwa Joto la Pwani

Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, maduka yetu hujaa peremende za kila rangi. Watoto nao, wakishapata mkono wa Idi, hawaulizi kilichomo ndani. Wanachagua kwa jicho: nyekundu kwanza, kisha njano, kisha buluu. Siwalaumu, kwani sikukuu bila rangi haichangamki. Ninachosema ni kwamba rangi hiyo si lazima itoke kiwandani, hata kwenye chokoleti, ambayo wengi wetu tunaamini haipikiki nyumbani.

Kwa nini tujisumbue? Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti katika jarida la The Lancet. Waliwapa watoto wa miaka 3, na wengine wa miaka 8 na 9, vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za bandia na kihifadhi kiitwacho sodiamu benzoeti, wakaona kutotulia kunazidi kwa baadhi yao. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi hizo kiandikwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Januari 2025, Marekani nayo ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3, yaani E127, kwa kuwa ilileta saratani kwa panya dume katika majaribio.

Sisemi kwamba peremende moja itamdhuru mwanao. Watoto hawafanani, na kiasi nacho kina hesabu yake. Lakini mtoto wetu halambi peremende moja tu: siku hiyo hiyo amekula mabuyu mekundu, achari, juisi ya unga, na wali uliotiwa rangi ya biriani. Geuza pakiti usome. Rangi sita zinazotakiwa onyo Ulaya ni E102, E104, E110, E122, E124 na E129.

Sasa tuje jikoni. Chokoleti ina adui mmoja mkubwa: maji. Matone machache yakiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, hukakamaa na kuwa chenga chenga. Ndiyo maana huwezi kumimina maji ya bitiruti ndani yake ukatarajia ipendeze. Rangi ya chokoleti sharti iwe unga mkavu, au iwe ya kuyeyuka katika mafuta.

Na rangi ya kuyeyuka katika mafuta tunayo hapa hapa. Bixa, ambayo pia huitwa mzingifuri, hulimwa Kwale na Lamu. Mbegu zake nyekundu huuzwa nje kutengenezea rangi ya jibini, siagi na vyakula vingine. Kwenye pakiti huandikwa E160b. Kwa hiyo si kila E ni ya bandia. Kinachonisikitisha ni kwamba sisi tunauza mbegu hizo, kisha tunanunua vichupa vya rangi ya kiwandani.

Chukua kijiko kimoja cha mbegu za bixa na vijiko vitatu vya mafuta ya kupikia yasiyo na harufu. Weka kwenye moto mdogo sana mpaka mafuta yawe ya rangi ya machungwa, kisha chuja kabla mbegu hazijaungua. Kijiko kimoja kidogo cha mafuta hayo kinatosha kwa gramu 200 za chokoleti nyeupe. Usizidishe, la sivyo haitaganda. Ukitaka njano, tumia manjano ya unga, nayo pia huyeyuka katika mafuta. Robo ya kijiko kidogo inatosha, maana ikizidi utasikia ladha ya mchuzi.

Kwa rangi ya waridi, mimi huiweka ndani badala ya nje. Pika vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, kikombe kimoja cha sukari na iliki kidogo, ukikoroga kama unayepika kashata, mpaka unyevu ukauke. Mwisho kabisa tia vijiko viwili vya maji mazito ya bitiruti na matone ya ndimu. Bitiruti ikipikwa sana hugeuka kahawia, kwa hiyo koroga dakika moja au mbili tu, uepue. Ikipoa, finyanga vidonge, viache vikauke, kisha uvichovye kwenye chokoleti nyeusi. Mtoto akiuma, ndani kuna waridi.

Kuyeyusha kwenyewe kunataka subira. Katakata chokoleti, yeyusha theluthi mbili kwenye bakuli lililo juu ya sufuria ya maji ya moto, bila bakuli kugusa maji. Epua, tia ile theluthi iliyobaki, koroga polepole mpaka iyeyuke na ipoe. Kama una kipimajoto, chokoleti nyeusi itumie ikiwa nyuzi 31 au 32, nyeupe 28 au 29. Fanya kazi hii usiku baada ya tarawehe, jiko likiwa limepoa.

Zipo njia nyepesi zinazosambaa za kuchanganya unga wa kakao, asali na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na sebule ya Mombasa hupita hapo kwa urahisi. Mgeni akija atakuta mchuzi kwenye sahani. Siagi ya kakao hustahimili mpaka karibu nyuzi 34, kwa hiyo nunua chokoleti iliyoandikwa siagi ya kakao, si mafuta ya mboga.

Hifadhi kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa, ule ndani ya siku tatu, kwa sababu nazi mbichi huchacha. Na ukumbuke, sukari inabaki sukari, hata rangi ikitoka shambani. Bixa pia huweza kumdhuru mwenye mzio, kwa hiyo anza na kidogo.

Kwa kina mama wanaouza vitamu vya Idi nina ombi moja: andikeni kwenye pakiti rangi mliyotumia. Mnunuzi akisoma bitiruti, manjano na bixa, atajua analolipia. Na mkulima wa Kwale atapata mteja wa karibu.