Nani Amlipe Mtunza Daftari? Taarifa za Maradhi katika Mizani ya Wakfu

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala hapa Kasokola, kata iliyo kando ya mji wa Mpanda, alinijia mzazi mmoja, mkulima wa mahindi na karanga, akiwa na mas-ala. Binti yake anaugua selimundu, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita siko seli. Hospitali aliyompeleka, nje ya mkoa wetu, ilimwomba akubali habari za maradhi ya mtoto ziingizwe katika daftari la utafiti linalounganisha nchi kadhaa, na mtoto atolewe damu kidogo kwa uchunguzi. Akaniuliza: "Sheikh, jambo hili linafaa kisheria? Na wakishaichukua hiyo damu na hizo habari, ni za nani?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na hao wanaozitunza, nani anawalipa? Maana faili la mwanangu limepotea mara mbili, na kila mara tumeanza upya."

Swali la kwanza nilimjibu pale pale. Kujitibu kumeruhusiwa na kuhimizwa, na kutoa habari au damu kidogo kwa hiari, pasi na madhara, kwa ajili ya kutafuta dawa itakayowafaa wengine, ni katika kusaidiana kwa wema. Swali la pili nitaligusa mbele. Ila lile la tatu, alilolisema kama mtu anayejisemea mwenyewe, ndilo lililonirudisha kwenye vitabu, kwa sababu wakubwa wengi wenye elimu hawaliulizi.

Kwanza tujue daftari lenyewe. Selimundu ni maradhi ya kurithi. Baba na mama wote wakiwa wamebeba asili yake, japo wenyewe ni wazima, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya kila mwaka. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwafuatilia wagonjwa wake kwa utaratibu wa utafiti mwaka 2004, chini ya Profesa Julie Makani. Mwaka 2017 ukaanzishwa ushirika wa Tanzania, Ghana na Nigeria, makao yake yakiwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ili wagonjwa wa nchi hizo waandikwe kwa utaratibu mmoja. Sambamba na ushirika huo kikaundwa kituo cha uratibu wa taarifa, kiitwacho SADaCC, katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Profesa Ambroise Wonkam. Fedha zilitoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH). Mwaka 2021 ikaja awamu ya pili, na Uganda, Zambia, Zimbabwe na Mali nazo zikaingia katika kazi hiyo.

Mtu atauliza: madaktari wapo, maabara zipo, kituo cha uratibu cha nini? Jibu ni kwamba habari zilizokusanywa na watu wengi haziwi elimu mpaka apatikane wa kuzipatanisha. Hospitali moja huandika "maumivu makali" pale mgonjwa anapolazwa. Nyingine huandika hivyo kila mzazi anaposema mtoto alilia usiku. Ukizijumlisha hesabu hizo mbili umepata namba, lakini hujapata maana. Lazima awepo mtu wa kuweka istilahi moja, kukagua makosa, kuyatenganisha majina yanayofanana, kulinda siri na kuamua nani aruhusiwe kusoma nini.

Wanafunzi wa hadithi hawatashangaa. Maimamu wetu walijua kwamba kuipokea riwaya ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kumjua mpokezi ni nani, alikutana na nani, na kama jina hilo ni la mtu mmoja au la watu watatu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 H (1071), alitunga kitabu kizima, al-Muttafiq wal-Muftariq, kuhusu wapokezi wenye majina yaliyolingana hali wao ni watu mbalimbali. Kwetu Katavi, ambako katika kijiji kimoja wamo akina Juma Ramadhani watano, karani wa hospitali anakijua vyema alichokuwa akikihangaikia Khatib.

Na liko tukio katika tarehe ya tiba linaloshabihiana na haya zaidi. Abubakar ar-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy, alifariki kiasi cha mwaka 313 H (925). Aliacha rundo la maandishi: habari za wagonjwa wake mmoja mmoja, dalili walizokuja nazo, dawa aliyowapa na matokeo yake, pamoja na yale aliyoyanukuu kwa waliomtangulia. Hayakuwa kitabu. Yalikuwa karatasi, na karatasi hizo zikabaki kwa dada yake. Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa tabaka za matabibu, ametaja kwamba Ibn al-Amid, waziri wa Rukn ad-Dawla, alimpa dada huyo dinari nyingi mpaka akazitoa, kisha akawakusanya wanafunzi wa Razi waliokuwapo Rayy wakazipanga. Kwa njia hiyo kikapatikana al-Hawi, ambacho mwaka 1279 Faraj bin Salim alikitafsiri kwa Kilatini kule Sisilia, na matabibu wa Ulaya wakakisoma kwa karne kadhaa.

Tazama alichokigharimia waziri yule. Hakugharimia matibabu mapya wala uchunguzi mpya. Alilipia karatasi zitoke ndani na wanafunzi wakae wazipange. Bila ya fedha ile, uzoefu wote wa Razi ungeliwa na mchwa, kama vilivyoliwa vitabu vingi vya wakfu katika misikiti ya pwani yetu, ambavyo mwenye kuviweka wakfu aliandika jina lake kwa wino mzuri na hakuacha hata shamba moja la minazi la kumlipa mwenye kuvifuta vumbi.

Hapa ndipo ilipo ila ya ufadhili wa zama zetu. Mfadhili hupenda kulipia kinachoonekana: mashine, kliniki, utafiti wenye jina. Kituo cha kutunza na kupatanisha habari hupewa fedha za miaka mitano, zikiisha kiombe tena. Sisemi fedha hizo ni haramu wala si kitu. Wallahi watu wamenufaika nazo. Ila tuzipe jina lake la kifiqhi. Hiyo ni hiba yenye muda, si wakfu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisomesha katika madrasa zetu za Kishafii, anabatilisha wakfu wa mwenye kusema nimeweka wakfu mali hii kwa mwaka mmoja. Wakfu sharti lake ni kudumu. Haja isiyokwisha haitegemezwi juu ya sadaka inayokwisha.

Anayeona naogopesha bure na autazame mwaka 2025. Tangu 1984 ulikuwapo mpango wa uchunguzi wa afya na idadi ya watu, DHS, uliogharimiwa na USAID na kuratibiwa kutoka Marekani. Umefanya tafiti zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 90, pamoja na kupima damu za watoto na akina mama kwa ajili ya malaria na upungufu wa damu. Kwetu Katavi uchunguzi huo si jambo la mbali. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo hesabu zetu zilikuwa zimefichika ndani ya Rukwa. Uchunguzi wa 2015-16, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ndio ulioonyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati cha taifa kilikuwa 27. Wako viongozi walioamka kwa namba hiyo, na wako maimamu walioihutubia minbarini. Basi mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na mpango ukasimama. Mtafiti aliyeomba ruhusa mpya ya kusoma taarifa hakuipata, japo taarifa zenyewe zilikuwapo na zilikwisha kugharimiwa. Ghala limejaa na bawabu ameachishwa kazi! Baadaye mwaka huo Gates Foundation ilitoa fedha za muda, nalo neno "muda" ndilo lile lile tunalolilalamikia.

Mafaqihi wetu waliliona tatizo hili karne nyingi zilizopita. Kazi za nadhir, yaani msimamizi wa wakfu, kwa mujibu wa Minhaj, ni kuikodisha mali, kuijenga na kuitengeneza, kukusanya mapato na kuyagawa. Na katika mapato hayo matengenezo, ambayo kwa istilahi huitwa imara, hutangulia haki ya wanaopewa. Nyumba ya wakfu ikivuja, kodi yake huezeka paa kwanza, ndipo maskini wapewe kilichobaki. Hii si kumdhulumu maskini. Asipofanyiwa hivyo, mwaka ujao hatakuwa na nyumba wala kodi. Kwa kipimo hiki, mtunza daftari ni imara, na fungu lake hutolewa mwanzo, kabla ya fungu la utafiti. Mfadhili anayelipa watafiti kumi na kuliacha daftari bila mlinzi ameigawa kodi na kuliacha paa. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 683 H (1284), aliifungia wakfu wa mali zenye kuingiza kodi. Yeye akafariki 1290, na hospitali ikaendelea kutibu watu kwa karne baada yake.

Je, zaka inaweza kutolewa kwa kazi hii? Wako wanachuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la fii sabilillah likaingiza kila maslaha ya umma. Rai yangu, na ndiyo iliyo karibu na madhehebu yetu, ni kuiacha zaka kwa mafungu yake manane. Mgonjwa fakiri apewe zaka anunue dawa, wala isilipe mishahara ya wenye kukaa mbele ya kompyuta. Njia ya kituo ni sadaka na wakfu. Wala si sharti wakfu uwe wa msikiti au madrasa. Kauli sahihi zaidi katika Minhaj ni kwamba inatosha upande unaowekewa wakfu usiwe wa maasia. Kwa hivyo kuwekea wakfu elimu ya maradhi, ambayo wagonjwa wake ni Waislamu na wasiokuwa Waislamu, kunasihi bila shaka. Selimundu haichagui dini. Fedha taslimu wenyewe Mashafii hawaikubali kuwa wakfu, kwa kuwa hutumika kwa kuondoka. Mahanafi wa dola ya Uthmaniya waliiruhusu, na Abu Suud na Birgivi walijadiliana juu yake kwa ukali katika karne ya 16. Kwetu jambo ni jepesi: liwekwe wakfu duka, fremu ya sokoni au ghala la mazao, kodi yake iende kwenye daftari.

Hata wasiokuwa wetu wamefika karibu na mlango huu. Henry Wellcome, mwenye kiwanda cha dawa, alifariki mwaka 1936 akiwa ameusia hisa zake zishikwe na wadhamini kwa ajili ya utafiti wa tiba. Mfuko huo, Wellcome Trust, ndio uliosaidia kazi ya selimundu Muhimbili ilipoanza. Siuiti wakfu wa kisheria, na faqihi angekuwa na maswali juu ya uwekezaji wake. Lakini mwenyewe amekufa na mti wake bado unazaa.

Narudi kwenye swali la pili la mzazi. Damu na habari zilizotolewa kwa utafiti ni amana mikononi mwa anayezishika. Mwenye amana hadhamini kilichoharibika bila kosa lake, ila hudhamini akivuka mpaka au akizembea, na kuzitumia kwa jambo ambalo mwenyewe hakuliridhia ni kuvuka mpaka. Ndiyo maana nadhir huwekewa masharti mawili, uadilifu na uwezo. Mchamungu asiyejua kulinda kompyuta hafai, na fundi asiyekuwa na amana hafai. Sheria ya nchi nayo imekuja upande huu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Wazee wetu walipokuwa wakisimulia habari za mumiani, watu wanaonyonya damu, tusiwacheke sana. Mwaka 1954 Anthony Allison alitangaza kwamba mwenye kubeba asili ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali, akitegemea damu za watu wa Uganda, Kenya na Tanganyika. Ugunduzi ule ni mkubwa, lakini ni wangapi katika waliotoa damu walirudiwa wakaambiwa damu yao ilisema nini?

Kwa hiyo nilimwambia yule mzazi akubali akitaka, ila kabla ya kutia sahihi aulize mambo matatu: jina la mtoto litabaki hospitalini au litatoka na habari zake, anaweza kujitoa siku za mbele, na fedha za mradi zikiisha daftari litabaki kwa nani. Alirudi baada ya majuma mawili. Mawili ya mwanzo alijibiwa vizuri, na kwa adabu. La tatu, muuguzi aliandika kwenye karatasi, akamwambia atawauliza wakubwa.