Mpaka wa Sirari na Usalama wa Raia Baada ya Kura

Wananchi wa Nyarero, na wa vijiji vyote vya Tarime vilivyo karibu na Kenya, hawahitaji kufundishwa na gazeti kwamba fujo ya jirani haikai kwa jirani. Mstari wa mpaka huu walipatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na waliokatwa vipande viwili hawakuulizwa. Wairege wako huku na wako kule. Wanyabasi vivyo hivyo. Mama huamka Tanzania akaenda kumzika shangazi yake Kenya, na jioni yuko kwake akikoka moto.

Kwa hiyo twapenda leo kulisema jambo la polisi wa nchi mbili wakati wa ghasia za uchaguzi.

Wakenya walipiga kura Desemba 27, 2007. Desemba 30 matokeo yalitangazwa, na jioni ile ile Rais Kibaki akaapishwa. Hata kabla usiku haujaisha miji kadhaa ilikuwa ikiwaka. Tume ya Jaji Philip Waki, ambayo ndani yake alikuwamo afisa mstaafu wa polisi wa New Zealand, Gavin McFadyen, na mwanasheria wa Kongo, Pascal Kambale, ilitoa taarifa yake Oktoba 2008: watu 1,133 walikufa. Katika hao, 405 waliuawa kwa risasi. Twamwomba msomaji asiipite hesabu hiyo mbio. Wakulima na wachuuzi hawana bunduki, na Tume iliwabebesha polisi lawama kubwa. Waliolipwa mshahara wawalinde raia ndio walioogopwa na raia.

Maelfu walikimbilia Uganda, na wengine wakavuka kuja kwetu. Mzee Mkapa alikuwa mmoja wa wasuluhishi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, na Rais Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwako Nairobi mapatano yalipotiwa sahihi Februari 28, 2008. Hayo ni ya wakubwa. Lakini askari wa zamu pale Sirari, anayemwona mtu amebeba mtoto na godoro, afanye nini?

Wako wanaodhani kwamba Interpol yaweza kuitwa kama zimamoto. Sivyo. Shirika hilo, lililoanzishwa Vienna mwaka 1923 na ambalo makao yake yako Lyon, Ufaransa, halina kikosi cha kupeleka barabarani. Kazi yake ni kupashana habari za wahalifu. Tena kifungu cha 3 cha katiba yake chakataza kuingilia mambo ya siasa. Hali kadhalika umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, ulioundwa Kampala mwaka 1998, uliwekwa kwa ajili ya wezi wa magari, wa mifugo na wauza silaha. Mwizi wa ng'ombe anayejificha ndani ya ghasia akamatwe pande zote mbili. Lakini mtu aliyekimbia kwa sababu ya kura yake si mwizi. Mkataba wa wakimbizi wa nchi huru za Afrika wa mwaka 1969 wasema asirudishwe mpakani, na kwamba kumpokea si uadui kwa nchi yake.

Wala hatuwezi kunyosha kidole upande wa Isebania tu. Baada ya Oktoba 29, 2025 kwetu pia damu ilimwagika, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikafungwa kwa siku kadhaa, na mwezi uliofuata ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tulipokuwa tukizisoma hesabu za Jaji Waki tulidhani twasoma habari za wengine.

Sungusungu walivuka mpaka huu zamani, Wakuria wa Kenya wakaiga utaratibu wa ndugu zao wa Tarime kuwazuia wezi. Ikiwa wanakijiji waliweza kupatana, wenye magwanda hawana udhuru.

Wakenya watapiga kura tena Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo twataka wakuu wa polisi wa Tarime na Rorya na wenzao wa Migori wakae meza moja waandike amri, na kila askari wa zamu awe nayo mfukoni: nani apokewe, silaha iwekwe wapi, ng'ombe aliyeibwa akabidhiwe nani, na ni afisa gani wa upande wa pili wa kupigiwa simu saa nane za usiku.