Mchezaji wa sinema katika kanzu ya padri

Wako wazee wasemao kwamba mchezaji wa sinema ni mwongo anayelipwa. Leo ajiita mfalme, kesho ajiita mwizi, keshokutwa padri. Naye akirudi nyumbani kwake si mfalme, si mwizi, wala si padri. Neno hilo si la kudharauliwa, maana hata wenye kazi hiyo hujiuliza usiku wakiwa peke yao. Katika Waingereza waliopata sifa kwa sinema na televisheni katika karne ya ishirini, sidhani kama yuko ambaye swali hilo lilimgusa moyoni kuliko Alec Guinness.

Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914. Mama yake aliitwa Agnes Cuff. Katika hati ya kuzaliwa, mahali pa kuandika jina la baba paliachwa patupu, na patupu pakabaki mpaka leo. Bwana mmoja wa benki, Mskoti aliyeitwa Andrew Geddes, alikuwa akimlipia ada ya shule na kuja kumtazama mara chache kama mjomba. Wengi wamedhani kwamba ndiye baba, lakini hakuna aliyelithibitisha. Mtoto alipokuwa na miaka kama mitano, mama akaolewa na askari mmoja mwenye cheo cha kapteni, mtu wa ukali mwingi, na ndoa hiyo ikavunjika baada ya miaka mitatu. Tangu hapo mama na mwana walikuwa watu wa kuhamahama. Guinness mwenyewe ameandika kwamba kabla ya kutimiza miaka 14 alikuwa amekwisha kuitwa kwa majina matatu mbalimbali, na amekaa katika hoteli na nyumba za kupanga zipatazo 30. Kila moja iliitwa “kwetu” mpaka siku ya kuondoka kwa siri, deni la kodi likiachwa nyuma.

Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kutazama watu wakubwa usoni, apate kujua kama siku itakuwa njema au mbaya. Nadhani ndiyo shule yake ya kwanza ya kuigiza.

Alipomaliza masomo aliandika matangazo ya biashara katika ofisi moja ya London, kazi asiyoipenda. Kisha akajifunza uigizaji kwa shida, akila kidogo na kutembea kwa miguu ili asilipe nauli. Siku moja John Gielgud, mchezaji mkubwa wa michezo ya Shakespeare, alimwona jinsi alivyokonda, akamwekea pauni 20 mezani. Kijana akazikataa, ingawa mfukoni hakuwa na kitu. Mwaka wa 1934 Gielgud huyohuyo akampa nafasi ndogo katika mchezo wa Hamlet. Na mwaka wa 1938 kijana yule aliyekataa sadaka akawa Hamlet mwenyewe, katika jumba la Old Vic. Mwaka huo pia alimwoa Merula Salaman, naye mchezaji wa jukwaani. Wakapata mtoto mmoja, Matthew, aliyezaliwa 1940. Vita vikaja, Guinness akaingia jeshi la majini, na mwaka wa 1943 akaongoza chombo cha kushusha askari pwani ya Sicilia.

Baada ya vita mwongozaji David Lean akamwingiza katika sinema. Hapo watu waligundua jambo la ajabu: bwana huyu hakuwa na sura ya kukumbukwa. Hakuwa mzuri, hakuwa mbaya, hakuwa mrefu wala mfupi; njiani watu walimpita bila kumtambua. Lakini mbele ya kamera sura ile iliweza kupokea sura yoyote. Katika sinema ya Kind Hearts and Coronets ya mwaka wa 1949 alicheza watu wanane wa ukoo mmoja wa kikabaila, na mmojawapo ni mwanamke! Kwanza alitafuta mwendo wa mtu: akikwisha kupata namna anavyotembea, mengine yalifuata yenyewe.

Hata hivyo sura ya bandia yaweza kujeruhi. Mwaka wa 1948 alicheza Fagin, mzee Myahudi afundishaye watoto wizi katika hadithi ya Dickens, akabandikwa pua kubwa mno. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Wayahudi kwa mamilioni walipouawa Ulaya. Huko Berlin watu waliandamana kuipinga sinema ile, na Marekani haikuionyesha mpaka 1951, tena baada ya kukata vipande. Mtu hawezi kusema “nilikuwa naigiza tu” na kujiondolea kila lawama.

Sasa nifike kwenye habari iliyonifanya nichague kuandika juu ya mtu huyu.

Chesterton, mwandishi Mwingereza aliyeingia katika Eklezia Katolika mwaka wa 1922, alitunga hadithi nyingi za Padri Brown, padri mfupi mnyenyekevu anayegundua wezi na wauaji kwa sababu amesikia maungamo mengi na kuijua mioyo ya watu. Zikatengenezwa katika sinema iliyotoka mwaka wa 1954, na Guinness akachaguliwa kuwa Padri Brown. Wakati huo hakuwa Mkatoliki. Alikuwa amelelewa kwa kuambiwa kwamba mapadri ni watu wa hila, wenye kuvizia roho za wengine.

Sehemu moja ya sinema ilipigwa Ufaransa, katika kijiji kimoja cha Bourgogne. Usiku mmoja, kwa kuwa walikuwa wakimhitaji baadaye tu, Guinness alirudi kwa miguu kuelekea chumbani kwake, hali amevaa kanzu yake ya kuazima. Njia ilikuwa na giza. Mara akasikia nyayo za kukimbia nyuma yake, na sauti nyembamba ikiita: “Mon père!” Mtoto wa miaka saba au minane akamshika mkono, akaukaza, akaanza kuutikisa huku na huku na kusimulia mambo yake bila kupumua. Akaruka, akachezacheza, lakini mkono hakuuachia. Guinness hakuthubutu kujibu neno, kwa maana Kifaransa chake kilikuwa kibovu, akaogopa kumtisha. Wakaenda hivyo, mtu asiye padri na mtoto asiye na hofu, mpaka mtoto akasema “Bonsoir, mon père”, akainama kidogo, akapenya katika tundu la ua wa miti, akapotea.

Mtu mzima alibaki njiani na furaha tulivu ambayo hakuweza kuieleza. Akawaza: mtoto huyu hanijui, ameona kanzu tu, na kanzu hiyo imetosha kumpa usalama gizani. Eklezia inayoweza kumwaminisha mtoto hivyo kwa padri asiyemjua, je, yaweza kuwa na hila kama nilivyoambiwa? Wafaransa husema kwamba kanzu haimfanyi mtawa, na ni kweli. Lakini tazameni pia: mtu ambaye hati yake haina jina la baba aliitwa “baba” usiku ule na mtoto wa wengine, na neno lile halikumtoka tena.

Jambo la pili lilitokea nyumbani kwake katika miaka hiyohiyo. Matthew, akiwa na umri wa miaka 11, alishikwa na polio, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Kila jioni baba akitoka kazini aliingia katika kanisa dogo la Kikatoliki lililokuwa njiani, akaketi kimya. Ndipo akafanya mapatano na Mungu, kama mfanya biashara: mtoto akipona, naye akitaka kuwa Mkatoliki siku moja, mimi sitamzuia. Aliona kwamba ametoa sadaka kubwa sana! Baada ya miezi kadhaa kijana akaanza kutembea, hata kucheza mpira. Wazazi wakampeleka shule ya Wajesuiti kwa sababu zao za kawaida tu, na alipofika miaka 15 akawaambia kwamba ataka kuingia katika Eklezia. Baba akatimiza ahadi.

Kabla ya yeye mwenyewe kuamua, alicheza padri mara ya pili. Mwaka wa 1955 ilitoka sinema iitwayo The Prisoner, yaani Mfungwa, iliyokumbusha mateso ya Kardinali Mindszenty wa Hungaria. Kardinali wa sinema anakamatwa na serikali, wala hapigwi. Mwenye kumhoji anamtafuta taratibu mpaka anakuta aibu yake ya siri, ambayo ni aibu juu ya mama yake mwenyewe, na kwa aibu hiyo anamvunja. Mnakumbuka nyumba 30 na deni la kodi. Sijui mwigizaji mwingine ambaye angeweza kucheza sehemu ile kwa uchungu mkubwa zaidi.

Akaenda kukaa siku chache kwa Watrapisti wa Mount St Bernard, akafundishwa na padri wa parokia ya Petersfield, karibu na nyumba yake, na tarehe 24 Machi 1956 akapokelewa katika Eklezia. Merula alimfuata mwaka wa 1957, wakati mumewe yuko mbali. Katika miaka ile ilimpata kwamba, akipita mchana katika njia moja kubwa ya London, alianza kukimbia ghafula bila kujua kwa nini, mtu mzima, mashuhuri, mpaka akafika katika kanisa dogo, akapiga magoti, akakaa dakika kumi kama asiyekuwapo duniani.

Na alikuwa wapi mke wake alipopokelewa? Alikuwa kisiwani Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, akitengeneza The Bridge on the River Kwai, sinema iliyomletea zawadi ya Oscar. Alicheza Kanali Nicholson, mfungwa wa Wajapani. Kanali anakataa maofisa wake wasifanye kazi ya mikono, anafungiwa katika kibanda cha mabati chini ya jua kali. Hatimaye anashinda ubishi, kisha kwa majivuno ya kazi njema anawajengea adui daraja zuri kuliko walivyotazamia. Alipokuwa akipiga sinema aligombana sana na David Lean. Lakini tazameni pale Kanali anapotolewa katika kile kibanda na kutembea kwenda kwa mkuu wa kambi, miguu ikikataa, mgongo ukijikaza. Guinness alieleza alikoutoa mwendo ule. Ni mwendo wa Matthew, siku alizokuwa akijifunza kutembea tena baada ya polio.

Mwongo hawezi kufanya hivyo.

Mwaka wa 1959 Malkia Elizabeth akampa cheo cha Sir. Nisimfanye mtakatifu. Piers Paul Read, aliyeandika maisha yake mwaka wa 2003, ameonyesha kwamba nyumbani ulimi wake ulikuwa mkali, na kwamba mkewe na mwanawe walijeruhiwa nao. Merula aliacha jukwaa kwa sababu mumewe alitaka hivyo. Misa ilipoacha Kilatini alinung’unika pia, akisikitika kwamba fahari ya zamani imekwenda na maji. Hata hivyo hakuondoka.

Bara letu alilijua kidogo. Sinema ya The Comedians ya mwaka wa 1967, juu ya nchi ya Haiti, ilipigwa Dahomey, ambayo sasa ni Benin, kwa maana Haiti yenyewe ilikuwa chini ya dikteta Duvalier. Aliyeitunga ni Graham Greene, Mkatoliki mwingine wa kuongoka, yuleyule aliyefika Kongo mwaka wa 1959 na kukaa na wakoma wa Iyonda.

Tena mwaka wa 1976 alikuwa katika jangwa la Tunisia, akivaa joho la mzee mwenye hekima katika Star Wars, hadithi ya vita vya nyota. Sinema hiyo, iliyotoka mwaka wa 1977, ilimtajirisha kuliko nyingine zote, kwa kuwa alipewa sehemu ya faida, naye aliichukia. Huko San Francisco kijana mmoja alimjia akimwambia kwa fahari kwamba ameiona zaidi ya mara mia moja. Guinness akamwomba ahidi kwamba hataitazama tena kamwe. Kijana akaangua kilio, na mama yake akakasirika. Wazazi wengine watamlaumu. Mimi naona kwamba mtu aliyewahi kushikwa mkono na mtoto kwa ajili ya kanzu aliogopa kumwona mtoto mwingine akijenga maisha juu ya joho.

Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa ilikuwa katika televisheni. Mwaka wa 1979 na tena mwaka wa 1982, BBC ilimwonyesha kama George Smiley, mkuu wa wapelelezi katika hadithi za John le Carré. Ili ajifunze, aliomba kukutana na mkuu wa upelelezi wa kweli, akala naye chakula cha mchana na kumtazama mavazi, mikono na mwendo. Katika michezo hiyo yeye hufanya karibu hakuna kitu. Anasikiliza, anafuta miwani, watu wanasema siri zao. Kwangu mimi yule Smiley na Padri Brown ni ndugu.

Alikufa kwa saratani ya ini tarehe 5 Agosti 2000, mwenye umri wa miaka 86, akazikwa Petersfield. Merula, aliyekuwa mgonjwa naye, alikufa mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka 62.