Jongoo wa Kwenye Kioo, Mjusi wa Udongo wa Rondo

Mvua za Desemba zikishalowesha ardhi ya Mtama, mkoani Lindi, jongoo hutoka. Unawakuta wakivuka njia, wakipanda mashina ya mikorosho, wakijikunja mtoto anapowagusa kwa kijiti. Mtu mzima hasimami kuwatazama. Lakini jongoo mkubwa wa ukanda wetu wa pwani, ambaye wanasayansi humwita Archispirostreptus gigas, ni mgeni wa heshima katika bustani za wanyama za miji mingi ya Ulaya na Marekani. Huko hukaa kwenye sanduku la kioo, ana mtu wa kumhudumia, na wanafunzi huletwa kumshika kwa zamu.

Na anastahili. Anaweza kupita sentimita 30 kwa urefu, na miguu yake hufikia takribani 250. Karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu. Tandu, ambaye wengi humchanganya naye, ana jozi moja tu kwa pingili, na ndiye mwenye sumu ya kung'ata. Jongoo hang'ati. Akibanwa hujikunja, kisha hutoa majimaji yanayoacha doa la kahawia mkononi na kuwasha vibaya yakiingia machoni, ndiyo maana watoto huambiwa wanawe mikono mara wamwachiapo. Anapoanguliwa huwa na jozi tatu tu za miguu. Pingili na miguu huongezeka kila anapojivua gamba. Gamba hilo limekakamaa kwa madini ya chokaa, kwa hiyo anayemfuga lazima ampe majani yaliyooza, udongo wenye unyevu na chanzo cha chokaa. Akikosa kimojawapo, atadhoofika.

Kufuga viumbe wa aina hii mjini si jambo jipya. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya reptilia mwaka 1849, na nyumba ya wadudu ikafuata mwaka 1881. Kwa muda mrefu wanyama wa nyumba hizo walikamatwa porini na kusafirishwa, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizowatoa, mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara ya kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Niliunga mkono marufuku ile na bado naiunga mkono. Hata hivyo siwezi kulidharau sanduku la kioo, kwa sababu lipo deni tunalodaiwa nalo, na deni hilo ni la chura.

Chura wa Kihansi alikuwa akiishi mahali pamoja tu duniani: kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Eneo lake lilikuwa la hekta chache. Hana hata sentimita 3, rangi yake ni ya manjano, na hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Jike huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura kamili, visivyopita hatua ya viluwiluwi mtoni. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati bwawa la umeme lilipokuwa tayari linajengwa juu ya maporomoko hayo. Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye bustani ya Toledo, jimbo la Ohio, nayo ikashiriki kuwatunza.

Porini yakatengenezwa manyunyu ya mabomba, na kwa muda vyura wakaonekana kuongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kuvu ya kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya vyura, ikakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Huko Amerika nako haikuwa kazi nyepesi. Idadi ilishuka chini ya 100 kabla watunzaji hawajapata mwanga, unyevu na chakula kinachomfaa. Ikabidi wafuge pia wadudu wadogo sana, maana kinywa cha kitoto cha chura huyu hakiwezi kumeza kitu kikubwa. Walipopatia, vyura wakazaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni Kihansi.

Sasa turudi Mtama, tupande hadi uwanda wa juu wa Rondo, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1939 Arthur Loveridge, mtaalamu wa reptilia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alifanya kazi hapo, sehemu za Nchingidi. Miaka michache baadaye alitangaza viumbe wenye jina la Rondo: Chirindia rondoensis, Melanoseps rondoensis, na nyoka kipofu wa ardhini ambaye naye hupewa jina la rondoensis.

Huyo Chirindia ndiye anayenishika moyo. Watu wakimfukua hudhani ni nyungunyungu, au humwita nyoka wa vichwa viwili kwa sababu mkia wake ni butu kama kichwa. Yeye si nyoka. Ni wa kundi la reptilia wachimbaji ambao pafu lao la kulia limepungua sana, ilhali kwa nyoka lililopungua ni la kushoto. Ana rangi ya waridi, hana miguu, ni mwembamba kuliko penseli. Magamba yake yamejipanga kwa pete, na ngozi huteleza juu ya mwili kama soksi iliyolegea: pete zinashika udongo, mwili unasogea ndani yake, kichwa kinatoboa njia mpya. Chakula chake ni mchwa na wadudu wa udongoni.

Mweke huyu kwenye kioo jijini, mtazamaji ataona udongo mtupu. Hakuna atakayelipa kiingilio, na sidhani kama ndege itakuja kuwachukua 499. Msitu wa Rondo ulikatwa sana mvule enzi za ukoloni, kisha sehemu ikapandwa misaji. Msitu wa asili uliobaki sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ndimo anamoishi pia komba mdogo wa Rondo. Moto wa kiangazi unaotoroka mashambani huunguza kwanza matandazo ya majani yanayoutunzia udongo huo unyevu. Wanaolima kandokando ya hifadhi wanaweza kufyeka njia ya moto kabla ya kuwasha, na wanafunzi wa Mtama wanaweza kumjua Chirindia hukohuko udongoni, maana shule zao ziko karibu na Rondo kuliko mtafiti yeyote wa Harvard.