Kwa Nini Gunia la Mkaa Haliwaki Lenyewe?

Swali hili niliulizwa mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, kipindi cha baada ya chai, darasa lina wanafunzi sitini na kitu. Nilikuwa nimemaliza kuandika ubaoni kwamba kaboni ikiungana na oksijeni tunapata hewa ukaa na joto la kilojuli 394 kwa kila moli. Nikasema kwa kujiamini kabisa kuwa mmenyuko huu unatoa nishati, kwa hiyo "unapenda" kutokea. Mkono ukanyooshwa kule nyuma.

"Samahani mwalimu. Sisi nyumbani tunauza mkaa. Magunia yanakaa stoo miezi, na hewa ipo. Kama unapenda kutokea, mbona hautokei?"

Nikajibu, "Kwa sababu hakuna aliyeuwasha." Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa kiberiti kinafanya nini, mwalimu? Kinaupa nishati mkaa ambao wenyewe ndio unatoa nishati?"

Wenzangu wa elimu mnaijua ile sentensi ya kujiokoa: "Swali zuri sana, tutaliona kipindi kijacho." Niliitumia. Halafu nikarudi nilikopanga nikiwa na aibu, maana kozi hiyo nilifaulu vizuri. Madesa yote nilikuwa nayo, na mlinganyo wa Arrhenius naweza kuuandika nimefumba macho. Kumbe nilikariri sura mbili za kitabu kimoja bila kuona kwamba zinajibu maswali mawili tofauti. Sura ya kwanza inauliza: mmenyuko unatoa au unachukua nishati kiasi gani? Ya pili inauliza: unakwenda haraka kiasi gani? Mimi nilichukua jibu la kwanza nikalitumia kujibu swali la pili.

Tuanze na la kwanza. Wengi wetu tulitoka sekondari tukiamini kwamba nishati "imehifadhiwa" ndani ya vifungo vya kemikali, na kwamba ukivunja kifungo inamwagika nje kama maji ya mtungi. Ni kinyume chake. Kuvunja kifungo ni gharama siku zote. Nishati inatoka pale kifungo kipya kinapofungwa. Chukua haidrojeni na klorini. Kuvunja moli moja ya vifungo vya haidrojeni kunahitaji kilojuli 436, na ya klorini kilojuli 242. Jumla tumetumia 678. Kisha zinafungwa moli mbili za vifungo vya haidrojeni na klorini, kila moja inatoa kilojuli 431, jumla 862. Toa, zinabaki kilojuli 184. Hiyo ndiyo faida, na ndilo joto tunalolisikia. Ni hesabu ya duka tu, mapato toa matumizi.

Mapato yakizidi, mmenyuko unatoa joto. Matumizi yakizidi, unanyonya joto. Kwa mkaa faida ni kubwa. Gramu 12 za kaboni, kipande cha kushika kwenye vidole, zinatoa zile kilojuli 394. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 314. Yaani kama joto lote lingeingia kwenye sufuria, kipande hicho kingechemsha chai ya chumba kizima. Tunachoma mkaa mwingi zaidi ya huo kwa sababu joto jingi linakwenda hewani, na mkaa wenyewe si kaboni tupu.

Lakini angalia: hesabu hii yote inatazama mwanzo na mwisho tu. Haisemi lolote kuhusu njia. Na swali la yule mwanafunzi lilikuwa la njia.

Fikiria vijiji viwili, kimoja juu na kingine bondeni, na katikati yao kuna kilima. Unasukuma mkokoteni kutoka kijiji cha juu kwenda cha bondeni. Mwisho wa safari utakuwa umeshuka, hilo halina ubishi. Ila kabla ya kushuka lazima upande kile kilima. Tofauti ya kimo kati ya vijiji viwili ndiyo badiliko la nishati. Urefu wa kilima, ukiupima kutoka pale unapoanzia, ndio nishati ya kuamsha mmenyuko, na huo ndio unaoamua kasi. Molekuli zinagongana kila wakati, hata ndani ya gunia stoo, lakini ni zile tu zinazogongana kwa nguvu ya kutosha, na kwa upande unaofaa, ndizo zinazovuka. Kwenye joto la kawaida, zinazovuka mkaani ni chache mno kiasi kwamba huoni kitu.

Kwa hiyo kiberiti hakilipi gharama ya mmenyuko wote. Kinasukuma vipande vya kwanza juu ya kilima, basi. Vikishavuka vinashuka na kutoa joto, joto hilo linavivusha vya jirani, na jiko linaendelea lenyewe. Linganisha na watu wa pwani wanaochoma mawe ya matumbawe kupata chokaa. Mmenyuko ule unanyonya kilojuli 178 kwa kila moli, na tanuri linatakiwa lifike karibu nyuzijoto 900. Pale kijiji cha mwisho kiko juu kuliko cha mwanzo, na hakuna kiberiti kitakachokusaidia. Kuni zikiisha, kazi imesimama. Jiko la mkaa unaliwasha mara moja. Tanuri la chokaa unalilisha mpaka mwisho.

Ukitaka uhakika kuwa joto jingi na kasi kubwa ni vitu viwili, mtazame msumari. Moli moja ya chuma ikiungana na oksijeni inatoa kama kilojuli 412, kushinda hata moli moja ya kaboni. Ila hakuna aliyewahi kuota kutu ya msumari; inachukua miezi na miaka, joto linatoka kidogo kidogo na kupotea. Chukua chuma kilekile kikiwa nyuzi laini sana, kitie kwenye mwali, kinawaka na kurusha cheche. Faida kwa kila moli haikubadilika. Kilichobadilika ni eneo la kukutana na hewa, na ule msukumo wa mwali.

Mfano wa upande wa pili uko jikoni. Kamulia ndimu kwenye soda ya kuokea. Povu linaruka hapohapo, mmenyuko wa haraka kabisa, lakini shika chombo: kimepoa. Unanyonya joto na bado unakimbia. Kwa hiyo hata ile kauli yangu kwamba kutoa joto ndiko kunakoufanya mmenyuko "upende" kutokea haikuwa kamili. Gesi inayotoka na kutawanyika nayo ina mchango wake, na huko ndiko entropia inakoingia.

Sasa mambo yanayobadili kasi yanaeleweka bila kukariri orodha. Ukipepea jiko unaongeza oksijeni, migongano inakuwa mingi. Ukipasua mkaa unaongeza eneo la kugusana. Kichocheo ni kama kupata njia nyingine inayopita pembeni, mahali kilima ni kifupi. Weka kipande cha kiazi kibichi kwenye haidrojeni peroksidi ya duka la dawa uone mapovu. Kiazi kina kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Lakini kichocheo hakishushi kijiji chochote. Joto linalotoka mwishoni ni lilelile.

Halijoto ndiyo yenye maajabu. Kwa mimenyuko mingi ya kawaida, ukiongeza nyuzi 10 tu kasi inakaribia kuwa mara mbili. Kutoka nyuzijoto 27 hadi 37 ni kutoka kelvini 300 hadi 310, ongezeko la asilimia 3 tu na ushee la nishati ya wastani ya molekuli. Inakuwaje asilimia 3 izae mara mbili? Ni kwa sababu kasi haitegemei molekuli za wastani. Inategemea wale wachache wenye nishati ya kuvuka kilima, na kundi hilo ndilo linaloongezeka maradufu. Hiki ndicho alichokiweka kwenye mlinganyo Msweden Svante Arrhenius mwaka 1889.

Na ukichanganya maswali haya mawili, mtihani wa amonia utakutesa. Naitrojeni na haidrojeni zikiungana kutoa moli mbili za amonia, kilojuli 92 zinatoka. Kwa kuwa mmenyuko unatoa joto, ubaridi ungetupa amonia nyingi zaidi mwishoni. Mbona viwanda vinatumia nyuzijoto 400 hadi 500? Kwa sababu kifungo cha naitrojeni ni kigumu, kilojuli 945 kwa moli, na kwenye baridi ungesubiri mpaka uchoke. Wanakubali kupoteza kiasi cha mazao ili wapate kasi, kisha wanaongeza shinikizo na kichocheo cha chuma. Mbolea ya urea inayouzwa madukani inaanzia kwenye suluhu hiyo.

Kipindi kilichofuata niliingia na kipande cha mkaa, soda ya kuokea, ndimu mbili na kipimajoto cha kuazima. Nilianza kwa kuwaambia kwamba jibu langu la juzi halikuwa jibu. Nikachora kilima. Tukakamua ndimu, kipimajoto kikashuka, darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Yule mwanafunzi alitazama mchoro muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo mkaa uko juu ya bonde, ila mbele yake kuna mlima." Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Na msumari?" Safari hii sikusema kipindi kijacho.

Mwaka huu wengi wetu tunakwenda tena shuleni kufundisha. Kabla hujapanda basi, chukua mada moja uliyopata alama nzuri, mtafute mtu asiyeisoma, umweleze mpaka aanze kukuuliza. Pale utakapokwama ndipo pa kusoma upya. Mimi nilikwama kwenye gunia la mkaa, mbele ya watu sitini.